Kilima cha Kuazima

Shirika la Ngao ya Raia lilitaka karatasi saba, na Warda, wakili ambaye watu humwita Metre, alikuwa nazo sita. Alizipanga juu ya meza ya kulia Jumatatu alasiri, akazigandamiza kwa kopo la maziwa ya unga ili upepo wa ziwani usizichukue. Barua ya maombi. Diploma ya sheria. Cheti cha kiapo cha uwakili, cha miaka kumi na minne iliyopita. Barua za watu wawili wanaoijua kazi yake. Cheti cha polisi kwamba hajawahi kufungwa. Orodha ya kesi alizosimamia, kurasa tisa, na humo alikuwa ameacha nyingi kwa kuona haya.

Kazi yenyewe ilikuwa ya wakili mwandamizi wa haki za raia, mwambao wote wa ziwa kuanzia Kabezi kushuka kusini, kuwatetea watu wasio na hati za kuthibitisha asili yao. Mumewe Mansuri, fundi wa mota za mitumbwi, alilisoma tangazo mara mbili huku akijifuta grisi, akasema hata wangebandika picha ya Mama Raisa, yaani mkewe huyu, pale juu, lisingekuwa wazi kuliko hivi. Alisema kweli. Miaka kumi na minne Warda ameifanya kazi hiyohiyo katika chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, kwa wateja wanaolipa kwa samaki wa ndagala, kwa chupa ya mawese, au kwa kumwombea dua. Majaji waliliacha faili lake lilale miezi kwa sababu lilitoka nyuma ya duka la dawa. Faili la shirika lenye gari na wafadhili halilazwi. Aliitaka kazi ile, na hakuionea haya tamaa yake.

Karatasi ya saba ilikuwa atestasiyo, cheti cha utambulisho kamili, isiyozidi miezi mitatu, iliyotiwa sahihi kwenye kilima cha asili cha mwombaji.

Mzee Amissi, baba yake Warda, alikuwa mlangoni na cherehani yake, akipunguza suruali ya mtu. Warda alipolisoma kwa sauti neno kilima, aliacha kukanyaga. Alilainisha uzi kwa mate, akaukosa tundu la sindano, akajaribu tena.

Katika nchi hii mtu lazima awe na kilima, kijiji cha asili kinachoandikwa kwenye hati zake zote. Usipokuwa nacho, ofisi inakutazama kama mtu aliyekuja bila viatu. Na Waswahili wa Rumonge hawana. Babu zao walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, au walipanda na biashara kutoka Ujiji, wakajenga mtaa, wakazaa na kuzikana humo. Mzee Amissi alizaliwa nyuma ya soko la Rumonge, lakini fomu ya kumwandikisha Warda shule mwaka wa tisini haikuwa na nafasi ya kuandika "nyuma ya soko". Mkuu wa shule alitaka kilima, na mtoto asiye na kilima hakupewa dawati. Basi watu wakaazima. Mkulima mmoja wa michikichi wa juu ya Kigwena, Mzee Wenceslaus, ambaye Amissi alimshonea suti ya harusi, alimwambia aandike Rutondwe, kilima chake, aseme mtoto ni wa boma lake. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Kulikuwa na ndugu wa tumbo moja wenye vilima vitatu, ikitegemea baba yao alimshonea nani mwaka ule.

Ndiyo maana karangamuntu ya Warda, kitambulisho chake, imeandikwa Rutondwe, mahali ambapo hajawahi kulala hata siku moja. Kila alipohitaji karatasi, Mzee Wenceslaus alishuka mwenyewe akasema, huyu ni wetu, na mambo yakaisha asubuhi moja. Sasa mzee yule alikuwa kaburini mwaka wa tatu, na dosiye nzima ya maombi ilitakiwa Bujumbura Ijumaa kabla ya saa sita.

"Nitakwenda kesho," Warda alisema. "Ni karatasi tu."

&nbsp;

Karani wa ofisi ya Rutondwe alikuwa kijana mwenye tai fupi na kalamu nne mfukoni. Alimsalimu vizuri, amahoro, amahoro, akaipokea karangamuntu, akaigeuza, akauliza kwa Kirundi, uri uwa nde? Wewe ni wa nani? Ni swali wanaloulizwa watoto waliopotea sokoni. Warda alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Alijibu kwamba ni wa boma la Mzee Wenceslaus. Karani akafungua daftari kubwa, akashusha kidole polepole kwenye ukurasa wa boma lile, akahesabu watoto tisa, majina yao yote ya ubatizo, na Warda hayumo. Warda akaeleza kwamba mzee mwenyewe alikuwa akija kushuhudia. Karani akasema Wenceslaus amekufa, na mufu hatii sahihi. Sheria ya ofisi ilitaka mashahidi wawili wa kilima, mmoja awe mkuu wa boma.

Hapo angeishia, na Warda asingemlaumu. Lakini benchi lilikuwa limejaa watu wanaosubiri, na karani alitaka wacheke kidogo.

"Muone," aliwaambia. "Metre anapigania watu kwa mashamba yao, na yeye mwenyewe haiko na kilima."

Walicheka. Wawili kati yao aliwahi kuwatetea bure. Mmoja aliinama akajifanya anafunga kamba za kiatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Warda alichukua karangamuntu yake, akamshukuru karani, murakoze, akatoka nje mgongo umenyooka, kisha akasimama nyuma ya choo cha ofisi mpaka uso ulipopoa. Mtu anaweza kuijua sheria ukurasa kwa ukurasa na bado akatetemeka mbele ya kijana mwenye daftari. Ndivyo waliolianzisha lile daftari walivyotaka liwe.

Mkuu wa boma sasa alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu, Jean-Pierre. Alimkuta kwenye mtambo wa kukamulia mawese, akisimamia pipa lililokuwa likichemka. Alimfutia stuli kwa shati lake, akamtuma mkewe alete fanta. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilizidi kumuuma Warda baadaye, kwa sababu ni rahisi kumkasirikia mtu mbaya.

Jean-Pierre alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaonyesha kwa mkono mteremko wa michikichi upande wa ziwa. Miaka miwili iliyopita, alisema, alikuja mtu aliyerudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, akiwa na karatasi yenye jina la kilima hiki na jina la baba yake, basi. Kesi ikachukua miezi minane, ikaondoka na mistari minne ya michikichi. Labda ilikuwa haki yake, hakatai. Lakini tangu siku hiyo, ndugu zake Jean-Pierre wakisikia jina jipya limeandikwa Rutondwe hawalali.

"Leo iko karatasi, dada," alisema. "Kesho mutoto wako anakuja na hiyo karatasi, anauliza mistari yake iko wapi. Mimi nitamujibu nini?"

Warda alisema ataandika sasa hivi, kwa mkono wake, kwamba yeye na kizazi chake hawadai hata kokwa moja. Jean-Pierre akatabasamu kwa huzuni. Karatasi za mawakili, alisema, ndizo zinazomwogopesha kuliko zote. Alitaka maneno yasemwe mbele za watu. Alhamisi wazee waamuzi wa kilima, wale wanaoitwa bashingantahe, wangekaa. Mzee Amissi aje mwenyewe. Aseme kwa kinywa chake kwamba yeye ni mgeni, kwamba alimwomba Wenceslaus jina kama mtu anavyoomba chakula, na kwamba hana kitu Rutondwe. Akishasema, Jean-Pierre na mdogo wake watashuka ofisini kutia sahihi siku ileile.

Warda aliinywa ile fanta yote kwa adabu, ingawa ilikuwa ya moto.

&nbsp;

Jumatano alipiga simu Bujumbura. Aliyepokea ni Madamu Marguerite, mhusika wa kuajiri watu katika Ngao ya Raia, mwanamke mwenye sauti laini ambayo haikupanda wala kushuka. Warda alimweleza yote bila kuficha: mtaa, soko, fomu ya mwaka wa tisini, kilima cha kuazima. Akaomba awasilishe cheti cha mkuu wa mtaa wake badala ya karatasi ya kilima. Madamu Marguerite alisema anaelewa sana. Alisema neno kuelewa mara tano. Lakini dosiye isiyokamilika haifunguliwi, ni utaratibu, na wafadhili hukagua.

"Madamu," Warda alisema, "tangazo lenu linasema mnatafuta wakili wa kuwatetea watu wasio na karatasi hiyo."

"Ndiyo, Metre. Na ndiyo sababu tunahitaji mtu ambaye kwa upande wake yuko safi."

Simu ikakatika mkononi mwa Warda. Safi. Kwa hiyo wenzake wote wa mtaa walikuwa wachafu, na shirika lingetuma mtu safi kuwaosha. Alitaka kupiga tena aseme hilo, akakumbuka kwamba ni yeye anayeomba kazi, na mwombaji hasemi hivyo. Ndivyo watu wanavyonyamazishwa siku hizi, bila hata mtu kukaripiwa.

Alipogeuka alimkuta baba yake amesimama katikati ya chumba na kanzu yake mkononi, akiikagua kama ina doa.

"Nitakwenda," Mzee Amissi alisema.

Warda alikataa. Mansuri naye alikataa, akisema mzee wa miaka sabini na nne hapandishwi kilimani kwenda kutukanwa. Mzee Amissi aliwasikiliza wote wawili, halafu akasema kwamba uongo ule aliusema yeye, si wao, na kama unahitaji kufuliwa, mwenye nguo ndiye afue. Kazi hiyo mwanawe ameililia miaka yote bila kutoa machozi, naye ameona. Maneno ni maneno tu. Amewapima kiuno watu wenye maneno mabaya kuliko hayo, na bado suruali zikawakaa.

"Sitaki useme kwamba uliomba kama maskini," Warda alisema.

"Nilikuwa maskini. Basi."

Alimwacha aende. Hilo ndilo lililomkera baadaye kuliko maneno ya karani na ya Madamu Marguerite: kwamba aliitaka ile kazi kiasi cha kumwacha baba yake apande.

&nbsp;

Wazee wa kilima walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya paa la mabati la shule ya msingi, fimbo zao zikiwa zimeegemea magoti. Walikuwa saba. Watu kama hamsini walisimama kuwazunguka, kwa sababu habari ilikuwa imetangulia kwamba Mswahili wa Rumonge anakuja kuungama. Walimpa Mzee Amissi na Warda viti, kisha mtu akasema msemaji husimama, na mzee akasimama. Mmoja wao aliulizia pombe ya ndizi, mwingine akamkumbusha kwamba mgeni ni Mwislamu, ikaletwa krate ya fanta. Adabu haikupungua mahali popote. Kama ungepita njiani ungedhani wanapanga harusi.

Mzee Amissi alianza vizuri. Alisema jina lake, kazi yake, na jinsi alivyofahamiana na marehemu. Alisema alikuwa akiwashonea watu wa kilima hiki sare za shule, na wanawake wawili pembeni wakatikisa kichwa kukubali. Alisema hana shamba Rutondwe, hajawahi kuwa nalo, na hatakuwa nalo.

"Useme wewe ni mugeni," Jean-Pierre alimkumbusha polepole, bila ubaya.

"Mimi ni mgeni hapa Rutondwe."

"Hapa Rutondwe peke yake?" aliuliza mzee mmoja mwenye kofia ya sufu. "Kwenu ni wapi?"

"Rumonge. Nilizaliwa pale nyuma ya soko."

"Soko si kilima. Baba yako alizikwa wapi?"

"Rumonge palepale. Kwenye makaburi ya Waislamu."

Yule mzee aliwatazama watu kabla ya kusema, kama mwalimu anayewaandaa watoto.

"Basi kilima chako ni makaburi."

Walicheka wote hamsini, hata wale wanawake wawili. Mzee Amissi naye alitabasamu. Ndilo tabasamu lake la dukani, alilowapa wateja waliosema nguo imewabana ilhali wamenenepa wao. Warda alilijua. Alilikuta usoni mwa baba yake tangu utotoni na kila mara alidhani ni upole. Sasa aliona ni namna yake ya kumeza tusi, na miguu yake ikamsimamisha kabla hajaamua.

Mara ngapi amewakataza wateja wake kusema hadharani maneno kama haya! Amegonga meza mbele ya majaji akisema mtu halazimishwi kuikana asili yake ili apewe haki yake. Kurasa tisa za orodha ya kesi zake zimejaa sentensi hiyo. Na hapa, dakika moja iliyopita, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amekunja mikono, akisubiri baba yake amalize kuikana ili yeye apate kazi ya kuwakataza wengine wasifanye hivyo.

Alipita katikati ya fimbo, akamshika mzee mkono.

"Inatosha, baba. Twende."

"Nimebakiza kidogo," Mzee Amissi alimnong'oneza.

"Twende nyumbani."

Jean-Pierre alisimama akasema kama maneno hayakwisha hawezi kutia sahihi, dada anaelewa. Warda alisema anaelewa. Lilimtoka kwa sauti ileile laini ya Madamu Marguerite, akajichukia.

Walishuka mpaka barabara ya ziwani bila kuongea, wakakaa juu ya gogo kungoja gari la kwenda mjini. Mzee Amissi alivua kofia, akajipangusa jasho. Alikuwa na hasira, lakini si na wazee wa kilima.

"Sentensi moja," alisema. "Nilikuwa nimebakiza sentensi moja. Sasa nimechekwa na karatasi hatuna. Ungeniacha nimalize, ningechekwa kwa faida."

Warda alilia palepale barabarani, mwanamke mzima aliyevaa suti ya mahakamani, na baba yake akamwacha alie, kisha akampa kofia ajifutie.

&nbsp;

Ijumaa Mansuri mwenyewe aliipeleka dosiye Bujumbura, karatasi sita, na mahali pa ya saba barua ya kurasa mbili ambayo Warda alieleza ndani yake kwa nini haipo na kwa nini haitakuwepo. Jibu lilikuja Jumanne, mistari miwili. Shirika lilimshukuru kwa hamu yake. Dosiye haikukamilika.

Mwezi mmoja na kitu ukapita. Wateja waliendelea kuja nyuma ya duka la dawa, na Warda aliwahudumia, lakini Raisa, bintiye, aliona mama yake hamalizi chakula. Watu walisikia kazi imepewa bwana mmoja wa Bujumbura, wakili mwenye heshima zake, ambaye hakuwahi kusimamia kesi kusini ya Kabezi. Warda hakumsema vibaya. Kosa halikuwa lake kwamba ana kilima.

Kisha Madamu Marguerite akapiga simu. Alisema barua ya Metre iliwagusa sana ofisini, mkurugenzi aliisoma kwa sauti kwenye kikao. Wakili wao mpya anaandaa semina ya siku mbili hapohapo Rumonge, kwenye hoteli ya ufukweni, kuhusu watu wasio na kilima. Wangependa Metre aje kutoa ushuhuda. Dakika kumi zinatosha. Akiweza aje na mzee pia, wafadhili wanapenda kuona vizazi viwili, na kungekuwa na mpiga picha, kwa ruhusa yao bila shaka.

Warda alikuwa na mteja mbele yake, mama wa Kigwena aliyekuja na mtoto mgongoni. Alimwomba radhi kwa mkono, akauliza kwenye simu:

"Nitakaa upande gani wa meza, Madamu?"

"Samahani?"

"Kwenye semina. Mawakili watakuwa upande mmoja. Mimi nitakaa wapi?"

Karatasi zikasikika zikifunuliwa.

"Na wafaidika, Metre. Lakini mbele. Mutarudishiwa transporti."

Warda alimshukuru, akasema atajibu kwa maandishi.

Na aliandika. Aliandika siku tatu, mchana, mlango ukiwa wazi, bila kumficha mtu. Yalikuwa mashtaka: mlalamikaji Warda Amissi, mlalamikiwa Shirika la Ngao ya Raia, kwa kumbagua katika ajira kwa sababu ya asili yake. Alipofika kwenye maelezo ya mambo yalivyotokea aliandika aya ya kwanza kama ilivyokuwa: kwamba mwaka wa tisini baba yake alitoa habari isiyo kweli kwa mkuu wa shule, na kwamba hati zake zote tangu hapo zimebeba kilima ambacho si chake.

Mansuri alisoma aya hiyo akakaa chini.

"Mama Raisa, hii wataigeuza," alisema. "Watasema diploma ni ya uongo, na kiapo ni cha uongo. Watakuvua joho. Halafu hata kile chumba cha nyuma ya duka la dawa hutakuwa nacho."

"Wanaweza."

"Na unaijua, na unaiandika."

"Nisipoiandika mimi, wataitafuta wao na kuisema kama wizi. Nataka isemwe jinsi ilivyo. Mtoto alitakiwa kusoma."

Mansuri hakukubali usiku ule wala kesho yake. Siku ya tatu alileta gundi na bahasha kubwa, akaziweka mezani bila neno. Hivyo ndivyo anavyokubali mambo. Mzee Amissi alitaka asomewe yote kuanzia mwanzo. Kwenye jina lake alisimamisha, akataka liandikwe kwa herufi kubwa kwamba yeye ndiye aliyesema ule uongo, kwamba alijua ni uongo, na kwamba leo angeusema tena. Warda alimwambia sentensi ya mwisho itawaharibia kesi. Mzee akasema basi kesi iharibike, lakini ile ya kilimani alikatizwa, na hii hataki kukatizwa.

Ikaandikwa.

&nbsp;

Karani wa mahakama alimfahamu Warda miaka mingi. Alipokea bahasha, akasoma ukurasa wa juu, akainua nyusi, akazishusha. Kazi yake ilikuwa kuandikisha tu. Alifungua rejista, akaandika tarehe, akaandika jina la mlalamikaji, umri, kazi. Mzee Amissi alikuwa amesimama kando katika kanzu yake nyeupe, mikono nyuma.

"Kilima cha asili?" karani aliuliza bila kuinua uso.

"Acha wazi," Warda alisema.

"Nafasi hii haiachwi wazi, Metre. Munajua."

"Ninajua. Ndicho ninachoshtakia."

Karani aliitazama rejista, akamtazama na yeye. Alisema kwa sauti ya chini kwamba karangamuntu yake inasema Rutondwe, aandike Rutondwe tu, mambo yaende, halafu akaseme mengine mbele ya jaji. Alikuwa anamsaidia kwa moyo wote. Miaka yote hiyo kila mtu aliyemwandika uongo alikuwa anamsaidia kwa moyo wote.

"Andika Rumonge," alisema Mzee Amissi.

"Rumonge si kilima, muzee."

"Nimezaliwa pale nyuma ya soko. Huyu naye nilimzaa palepale. Andika."

Karani hakuandika. Alifunika kalamu yake, akaiweka juu ya rejista iliyokuwa wazi, akasema bila kilima hawezi kuingiza shauri na hana ruhusa ya kulikataa. Nyuma yao foleni ilianza kuulizana kuna nini.

Warda alivuta viti viwili kutoka ukutani. Kimoja alimkalisha baba yake, kingine akakaa yeye, mbele ya meza, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kupita bila kuwaomba wasogee. Ilikuwa haijafika saa tatu asubuhi, na ofisi haifungwi mpaka saa sita.